Maji Niliyotia Kwenye Betri

Jumatatu, 5 Juni 1995

Nimekamua. Ng'ombe mwekundu katoa kidogo, baridi hii. Ukungu tangu alfajiri, Mlima Meru haukuonekana hata kiuno. Nimepeleka maziwa barabarani, nimerudi, miguu ya Elipokea bado imetokeza chini ya lori kama miguu ya maiti.

Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa marehemu mwanangu. Nimemlea mimi. Fundi umeme, chuo amesoma, cheti chake kimo kwenye sanduku langu la nguo. Kiwanda cha mjini alichokuwa akifanyia kazi serikali imekiuza. Watu wote nyumbani. Wenzake walidai haki zao wakapewa maneno. Yeye akaomba chuma chakavu: mota ya ile mashine ya umeme ya kunyanyulia mizigo ghalani, na betri zake. Betri zenyewe kila moja kama jiwe la kaburi. Zimelala kwenye banda langu la ndama, na ndama analala jikoni.

Sasa anaitia mota hiyo kwenye lori la marehemu mume wangu. Injini ya lori hilo ilikufa kabla ya mzee mwenyewe. Mwanamke wa miaka ishirini na saba, hana mume, ana lori lisilo na injini. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Bibi, nipe spana namba kumi na saba."

Nikampa.

Alhamisi, 8 Juni

Amekuja Fundi Lyimo kutoka Sakina kuunganisha mota na giaboksi. Mchaga, mdomo mkubwa, mikono mizuri. Hilo la mikono simwambii.

Leo nimeelewa mawazo ya Elipokea. Machimbo ya mawe yako juu, karibu na msitu. Wajenzi wako chini, huku kwetu Maji ya Chai na kuendelea. Kwa hiyo lori la mawe linapanda tupu na kushuka limeshiba. Wakati wa kushuka halina haja ya nguvu, mawe yenyewe yanalisukuma. Hapo mota inageuza kazi: badala ya kula umeme, inauzaa, unarudi kwenye betri. Anasema mahali pa tambarare huu ni wazimu, lakini kwenye mlima wenye mawe juu na wateja chini ni akili. Nikamuuliza kwa nini Wazungu hawajafanya. Akasema labda hawana bibi mwenye lori bovu.

Amenikataza kuingia bandani na kibatari. Betri zikichajiwa zinatoa hewa inayowaka, na hewa hiyo inatoka kwenye maji. Anasema iko siku malori makubwa yatakula hewa hiyo hiyo, na mahali pa moshi yatatoa maji. Lori linalokojoa maji! Lyimo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mwenye ruhusa ya kumcheka mjukuu wangu ni mtu mmoja, na si Mchaga.

Kisha likaja la maji. Betri hizi zinakunywa. Zinataka maji yake maalumu, yanauzwa kwenye chupa kituo cha mafuta mjini. Nikasema, kununua maji ya nini, mto si ule pale? Lyimo akasema, "Aisee Bibi, maji yenu yamepaka rangi meno ya ukoo mzima. Yataziacha betri?"

Elipokea naye akacheka. Akacheka, kwa meno yale yale.

Nimezaliwa kwenye maji haya. Nimelea watoto saba kwayo. Meno yangu yana rangi ya chai, sawa, lakini yote yapo, navunja mfupa wa mbuzi. Lyimo ana pengo mbele. Tangu nikiwa msichana watu wa mjini wanatutambua kwa kututazama mdomoni kama punda mnadani. Wataalamu nao wakaja na vichupa, wakachota, wakaandika kwamba maji yetu ni mabaya. Wakaondoka. Hawakutuletea mengine.

Jumapili, 11 Juni

Kanisani. Mchungaji kahubiri uvumilivu. Mke wa mwenyekiti wa kijiji kaniuliza mbele ya watu kama kweli lori letu tutalichomeka ukutani kama redio. Nikamwambia ndiyo, na umeme ukikatika tutalichomeka mdomoni kwako, maana huo haukatiki.

Nimeomba msamaha kwa Mungu. Kwake bado.

Jumatano, 21 Juni

Limetembea!

Limetoka uani bila sauti. Nilidhani halijawaka, kumbe limeshanipita. Nikapanda mbele na Elipokea, Lyimo nyuma. Ng'ombe wa watu njiani hawakutupisha, hawakutusikia. Ilibidi nitoe kichwa dirishani nipige kelele mimi. Honi ilikuwa ni mimi.

Kwenye machimbo wakatupakia mawe ya kujengea, lori likainama nyuma. Wakati wa kushuka Elipokea akanionyesha kisahani chenye sindano. Tulipopanda ilikuwa ikirudi nyuma. Sasa inakwenda mbele, yenyewe, polepole, kama mtu anayeshiba. Tumefika chini na umeme mwingi kuliko tuliokuwa nao pale juu.

Nikalia kidogo. Nikasema ni vumbi.

Babu yake angeona. Alikuwa akisema mtoto wa kike ni wa kuchunga mbuzi. Mbuzi gani hawa sasa.

Jumatatu, 26 Juni

Kazi imeanza. Kuna shamba kubwa la maua huko chini, wanajenga maghala na nyumba za wafanyakazi. Msimamizi wao, Mzungu mrefu anayetembea kama korongo, amempa Elipokea majaribio hadi mwisho wa Julai. Lori likibeba mawe kila siku bila kulala njiani, ujenzi wote wa mawe ni wake. Na mwenye kiwanda mpya amesema zile mota nyingine ghalani atampa aje azichukue, akionyesha ana kazi ya maana. Atafungua gereji yake. Hatatengeneza malori ya watu, atayabadilisha. Amenieleza yote haya amesimama, loshoro yake ya mahindi na mgando imepoa kwenye sahani.

Sijawahi kumwona hivi tangu baba yake afe.

Nami nimepewa kazi. Yeye anaendesha kutwa, kwa hiyo kunywesha betri ni mimi. Kila asubuhi nafungua vifuniko, natia maji kwa birika la mdomo mwembamba mpaka yafunike vile vibao vya ndani, basi. Nisizidishe. Nisipunguze. Kanunua chupa, kazipanga. "Maji haya tu, Bibi." Kama vile mimi mtoto.

Alhamisi, 29 Juni

Nimefanya jambo.

Lyimo alipita jana kukaza nati. Nikamkaribisha chai. Akakishika kikombe, akachungulia ndani, akasema, "Bibi, hii haitanipaka?" Akanywa. Mzaha wake. Lakini ulinikaa kooni usiku mzima.

Leo asubuhi nimekwenda mtoni mwenyewe, mbali juu, ng'ombe wasipofika. Nimechota. Nimeyachemsha. Nimeyachuja kwa kitambaa cheupe cha meza, kile cha Pasaka. Nimeyaacha yapoe. Maji safi kuliko hayo hayapo, na nimetia kwenye betri. Zile chupa nimezificha kwenye mahindi.

Nitatia haya mpaka mwisho wa majaribio. Siku Mzungu akitia sahihi, nitasimama mbele ya Lyimo nimwambie lori hili limekunywa Maji ya Chai mwezi mzima. Nataka niuone uso wake. Hilo tu.

Ijumaa, 30 Juni

Nimefungua chupa moja ya dukani nikapikia chai nijue ina nini. Haina kitu. Chai ikawa bure kabisa, kama kulamba kioo. Na watu wanauziana. Siku hizi soko huria, kila kitu kinauzwa, watatuuzia na ukungu.

Jumanne, 11 Julai

Lori linakwenda. Safari tatu leo. Watu wa machimbo wanamwita Elipokea "Injinia". Mke wa mwenyekiti kaomba lifti, nikamwambia lori halijachomekwa.

Asubuhi nimenywesha betri. Zimekunywa vizuri. Maji yangu.

Jumatatu, 17 Julai

Nadhani betri moja ina joto kuliko nyingine. Niliweka mkono nikauondoa. Sikusema. Mgonjwa wa homa hupoa mwenyewe.

Alhamisi, 20 Julai

Safari mbili badala ya tatu. Elipokea anasema sindano inashuka hata lori likiwa limesimama uani. Kama gunia lenye tundu. Kakaa na daftari lake la hesabu na michoro, anapiga mistari, anafuta. Kalibeba daftari hilo miaka yote ya kiwandani.

Hakula. Nikamgombeza. Nilimgombeza sana, kuliko kosa la kutokula.

Ijumaa, 21 Julai

Nimerudia maji ya chupa. Nimezitoa mbili kwenye mahindi. Labda yatayasafisha yale mengine.

Jumatano, 26 Julai

Limesimama.

Mzungu alikuwa ndani, alitaka kuona machimbo. Kwenye kilima cha kanisa, likipanda, tupu, halina hata kokoto moja. Likaenda polepole, polepole zaidi, halafu halikwenda. Elipokea akavuta breki ya mkono. Walikaa humo ndani, nasikia, kama watu kwenye picha.

Lori la dizeli la mtu wa Tengeru likalivuta kwa mnyororo kulirudisha. Watu walisimama kando ya barabara njia nzima. Wengine walipiga makofi. Mzungu akamshika mkono Elipokea kwa adabu, akaagana naye, akampa kazi mtu wa Tengeru hapo hapo barabarani.

Nilikuwa nimesimama getini. Elipokea akapita, hakunitazama. Nilishukuru hakunitazama.

Alhamisi, 27 Julai

Lyimo kaja na kipimo chake cha kioo chenye mpira wa kunyonyea. Kafungua kifuniko kimoja kimoja. Hakufanya mzaha hata mara moja. Ndipo nikaogopa.

Akasema betri zimeliwa kutoka ndani, kuna kitu kimeingia. Akanigeukia. "Bibi, ulitia maji ya chupa?"

Nikasema ya chupa.

"Yale tu, Bibi? Siku zote?"

Hapo Elipokea akamkatiza. Akasema, "Kaka, siku baba alipokufa watu wote walinificha, bibi yangu ndiye aliyeniambia. Usimuulize kitu mara mbili."

Lyimo akainamisha kichwa. Akaniomba radhi. Mimi. Aliniomba mimi radhi, na nikasema, "Haya, yamekwisha."

Mwongo mzee. Andika hivyo hivyo, usikwepe. Mwongo mzee mwenye meno yote.

Jumapili, 30 Julai

Sikwenda kanisani. Nimesema mgongo.

Elipokea kaja jikoni nikisonga ugali. Kasema, "Nilikosea hesabu, Bibi. Mlima umenizidi." Kwa sauti ya kawaida, kama anayesema chumvi imekwisha. Kisha akaliweka daftari kwenye moto, chini ya sufuria.

Kurasa za michoro zilijikunja moja baada ya nyingine. Nilikuwa na mwiko mkononi. Ningeweza kulitoa kwa mwiko. Ningeweza kusema neno moja, "Subiri," lingetosha.

Nikaendelea kusonga. Ugali ule tulikula. Ulipikwa vizuri.

Alhamisi, 3 Agosti

Wanunuzi wa chuma chakavu wamechukua betri zote. Wataziyeyusha watoe madini ya risasi. Wamechukua na mota. Elipokea aliwasaidia kupakia, akawaonyesha pa kushika wasijiumize.

Banda liko wazi. Ndama amerudi kwake.

Kapata kibarua Mererani, kutunza jenereta ya dizeli inayopeleka hewa mashimoni kwa wachimbaji. Fundi mwenye cheti, akachunge jenereta ya mtu. Anaondoka Jumamosi. Nikamwambia huko kuna wahuni. Akasema kila mahali.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimesema.

Asubuhi na mapema nilikata jani la sale, lile la kuombea msamaha, kwenye mpaka wa shamba. Mkubwa hapeleki sale kwa mdogo, sijawahi kuona. Nilikuwa tayari kuwa wa kwanza. Nikafika nalo mlangoni pake nikasimama. Sale halikataliwi. Ukiletewa umesamehe, utake usitake. Nikaona huu nao ni ujanja mwingine wa kizee. Nikalitupa kwa ng'ombe.

Nikaenda kwenye mahindi nikatoa chupa zilizobaki. Nikazipanga mezani mbele ya uji wake. Vifuniko havijafunguliwa.

Alizitazama. Alinitazama. Ana akili, hakuhitaji kuelezwa, lakini nilieleza. Mto, kuchemsha, kitambaa, Lyimo, meno. Nilisema na la bandani, kwamba joto la betri niliona mapema nikanyamaza. Sikulia. Kulia kungekuwa kumwomba.

Akashika chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga. Akasema, "Kwa hiyo hesabu ilikuwa sawa."

Hakuniambia mimi. Aliiambia chupa.

Kisha ndipo akaniuliza mimi. "Siku ile ya daftari, Bibi. Ulikuwa umesimama pale pale."

Nikasema niliona aibu. Miaka sitini na nane, na hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Nikamwambia aandike upya, kichwa si bado anacho. Akasema ile ilikuwa kazi ya miaka sita, Bibi, si orodha ya sokoni.

Kila akisafiri huinama nimtemee mate ya baraka kichwani. Tangu shule ya msingi, hajaacha hata siku moja, hata alipokuwa amekasirika. Leo kachukua begi, kasema, "Baki salama, Bibi," katoka. Nilikuwa nimeshajilamba midomo.

Nilimtazama mpaka kwenye kona. Hakukimbia, hakugeuka.

Jumapili, 13 Agosti

Juzi nilikwenda Sakina, kwa miguu yangu, hakunituma mtu. Nikamkuta Lyimo chini ya basi la watu. Nikamwambia pale pale, mafundi wenzake wakisikia. Nilikuwa tayari. Nilijua atasema la meno.

Akatoka chini ya basi, akafuta mikono, akanipa kiti. Akaniambia, "Ni mzaha wangu, Bibi. Ningefunga mdomo." Akataka kujitwika yeye.

Nikamkatalia. Mdomo ulikuwa wake, birika lilikuwa langu.

Ningependa angenicheka.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimekamua. Baridi imepungua. Meru umeonekana wote leo, mpaka juu.

Dereva wa Mererani kaleta salamu kutoka kwa Elipokea, na sukari, na kitambaa cha kichwa cha buluu. Hakuna barua. Nikamuuliza kama amekonda. Kasema hajakonda, ila haongei. Nimempa maziwa ya mgando ampelekee. Kitambaa nimekivaa.

Lori letu liko uani, mbele halina kitu. Kuku wameanza kutagia humo. Nimewaacha.

Asubuhi lori la mtu wa Tengeru limeshuka na mawe ya shamba la maua, kama kila siku. Moshi kupanda, moshi kushuka. Hapa kwenye kona yangu dereva anakanyaga breki, zinalia, halafu harufu ya kuungua inabaki, inaingia mpaka jikoni. Majirani wanaziba pua.

Mimi nasimama mlangoni mpaka iishe. Ule unaoungua kwenye breki ni umeme. Unateketea bure kutoka msituni mpaka barabara kuu, safari tatu kwa siku, na njia hii nzima ninayejua ni mimi peke yangu.